Kurekebisha Nako ni Kutengeneza

Kila msimu wa bajeti ukikaribia, Nairobi husikia hoja ile ile. Wenye viwanda huitoa, wachumi huipambia takwimu, wanasiasa huipandisha jukwaani: kwamba mitumba imeua nguo za Kenya, kwamba taifa haliwezi kwenda mbele likivaa vilivyovuliwa na wengine, na kwamba mafundi wanaokaa nyuma ya cherehani pale Toi, Kawangware na Gikomba hawatengenezi chochote. Wanarekebisha tu. Hilo "tu" ndilo linalobeba hoja nzima, na ni uongo.

Anayetaka kujua aanzie Toi. Soko hilo liko pale Kibera inapopakana na mtaa wa Woodley, mwendo mfupi kutoka Ngong Road. Beli ya mitumba ikifunguliwa, wanaowahi huchagua kamera, nguo safi zisizo na doa wala tundu. Zinazobaki hushuka bei saa baada ya saa hadi zifikie fagia, zile za kuokota kwa mafungu. Watu wengi hudhani kazi inaishia hapo, kwamba mnunuzi hulipa, hutia nguo kwenye mfuko wa kaki na kwenda zake. Lakini hata kamera ilikatwa kwa kipimo cha mtu wa Manchester au Toronto. Mabega ni mapana mno, miguu ni mirefu mno, kiuno kinaingia watu wawili. Ndipo mteja anapovuka kijia hadi kwa fundi na kumwambia, "Fundi, hii nibanie hapa, na mguu unipunguzie."

Tuchukue jinzi iliyozidi inchi tatu. Njia ya mkato ni kukata na kupinda upya, na fundi mchanga hufanya hivyo. Mteja wa Toi ataikataa. Upindo wa jinzi iliyovaliwa umechujuka kwa namna yake, una mawimbi madogo ya weupe na weusi na uzi mnene wa rangi ya dhahabu iliyofifia, na hakuna cherehani ya sokoni inayoweza kuuiga. Kwa hiyo fundi mzoefu huukata upindo wenyewe na kuuweka kando, huondoa kipande kilichozidi, kisha huurudisha upindo ule ule kwa mshono unaojibana chini kabisa ya ukingo wake. Akipiga pasi, mvaaji mwenyewe haoni suruali ilipokatwa.

Kiuno kina sheria yake. Suruali ya kitambaa hupunguzwa nyuma, kwenye mshono wa katikati, na inchi moja au mbili hazina neno. Ukizidisha, mifuko ya nyuma husogeleana hadi karibu ikutane, na mishono ya pembeni huvutwa nyuma ya mapaja. Fundi anayeijua kazi husimama hapo. Hung'oa ukanda wa kiuno wote, hufumua mishono ya pembeni kwa wembe, hugawa kile kilichozidi sehemu nne badala ya moja, kisha hukata ukanda upya. Na hayo ni mambo ya suruali. Koti la suti ni mtihani mwingine kabisa: kupunguza bega ni lazima utoe mkono mzima, ufungue bitana, uihamishe pedi, ulichonge upya tundu la mkono, kisha uurudishe mkono bila kuukunja hata kidogo. Wako mafundi wanaoshona suti mpya kila wiki na hawathubutu kulipunguza bega la koti la mtu mwingine.

Sababu ni kwamba anayeshona kitambaa kipya anaanza na uwanja mtupu. Anapima, anachora kwa chaki, anakata atakavyo. Anayerekebisha amekuta uamuzi wa mkataji asiyemjua, aliyekuwa na kiolezo chake na mashine zake, na nguo haina kitambaa cha akiba cha kufidia kosa. Inambidi asome mishono mpaka aelewe mkataji alikusudia nini, kisha akusudie kingine ndani ya mipaka ile ile.

Kawangware kazi ni hiyo hiyo kwa sura nyingine. Ukishuka stendi ya matatu za 46 na kufuata vibaraza vya maduka, utaiona wazi zaidi mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa. Mzazi mwenye busara hanunui sare ya kumtosha mtoto. Hununua iliyozidi, na fundi hukunja upindo mpana ndani na kuushikiza kwa mshono mwepesi, ili mwakani aje tu kuuachia. Kiunoni huacha ziada ndani ya mshono. Shati la mtu mzima lenye kola iliyolika hukatwa likawa la mtoto, kwa sababu mgongo na mikono bado ni mizima. Gauni linakuwa sketi, pazia linakuwa gauni la kigori. Kitu kilichoingia asubuhi hakikuweza kuvaliwa na yeyote katika nyumba ile, na jioni kinavaliwa.

Sasa linganisha na viwanda vya Athi River. Tangu Marekani ipitishe mwaka 2000 sheria ya AGOA, ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, viwanda vilivyo katika maeneo huru ya mauzo ya nje, EPZ, vimeajiri makumi ya maelfu ya Wakenya kushona nguo za soko la Marekani. Sehemu kubwa ya kitambaa chake hufumwa Asia, kwani sheria yenyewe iliruhusu kitambaa cha nchi ya tatu. Kinafika kwa meli, kinakatwa, kinashonwa, kinatiwa vifungo na lebo, kinaondoka kwa meli. Hakuna anayesema kwamba wafanyakazi wale hawazalishi kwa vile pamba haikulimwa Kenya na kitambaa hakikufumwa Kenya. Kazi yao inahesabiwa kuwa uzalishaji, na ni haki yao. Basi ni kanuni ipi inayomfanya anayeshona mkono wa shati Athi River awe mzalishaji, na anayeutoa mkono wa koti, akaukata na kuushona upya Toi, awe mchuuzi? Wote wawili wamepokea malighafi kutoka ng'ambo, na wote wawili wameifanya iwe nguo ya mtu fulani. Tofauti iliyobaki ni kwamba mmoja yuko ndani ya ukuta wenye lango.

Lugha yenyewe haiungi mkono ubaguzi huo. Mswahili akisema fulani anatengeneza viti, huenda anaunda vipya na huenda anaviunga vilivyovunjika. Anatengeneza gari, anatengeneza saa, anatengeneza nywele, anatengeneza chakula. Kitenzi hicho kimoja kimebeba kuunda na kuponya tangu zamani, na wasemaji hawajawahi kuona haja ya kuvitenga. Kurekebisha kumekaa humo humo. Afisini, kitenzi hiki kimefinywa kikawa cha kusahihisha kosa: barua ina makosa, irekebishe. Toi hakuna kosa la kusahihisha. Koti limeshonwa vizuri kabisa, ila halijamkaa huyu aliyesimama mbele ya kioo. Kurekebisha ni kukipa kitu kikao chake mahali kilipo, na hiyo ndiyo maana ambayo fundi nguo, fundi baiskeli na fundi redio wanaitumia kutwa nzima.

La kushangaza ni kwamba wakubwa nao wanalipenda sana neno hili wanapolihitaji. Mwaka 1980 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kupokea mkopo wa Benki ya Dunia wa marekebisho ya kiuchumi. Katika miaka iliyofuata, na hasa mwanzoni mwa miaka ya 1990, marekebisho hayo yalifungua mipaka, yakalegeza udhibiti wa fedha za kigeni na kuondoa vizuizi vya kuingiza nguo zilizovaliwa. Miaka 40 baada ya mkopo ule, mswada wa BBI (Building Bridges Initiative) ulijiita marekebisho ya katiba, ilhali ulitaka kubadili mpangilio wa serikali yenyewe, mpaka Mahakama ya Juu ilipouzima tarehe 31 Machi 2022. Kwa hiyo marekebisho yakifanywa na hazina ya serikali au bunge, yana uzito wa kugeuza nchi. Yakifanywa na mama mwenye cherehani ya kukanyaga kwa mguu, yanageuka kuwa jambo la pembeni lisilostahili hata safu moja katika vitabu vya takwimu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: upande wa pili una ushahidi. Ulio mzito zaidi ni utafiti wa mwanauchumi Garth Frazer, uliochapishwa mwaka 2008, uliokadiria kuwa nguo za mitumba zinaeleza karibu asilimia 40 ya kuporomoka kwa uzalishaji wa nguo barani Afrika kati ya 1981 na 2000, na karibu nusu ya ajira zilizopotea. Tarakimu hizo zinanukuliwa kila mara mjadala unapozuka. Lakini zimejengwa juu ya takwimu za viwanda, yaani kazi iliyofanyika mahali penye usajili na palipojaza fomu. Kiwanda kilichofungwa kinaonekana humo kama hasara. Cherehani zilizoanza kulia kando ya reli ya Kibera na vibarazani Kawangware hazionekani kama faida, kwa kuwa aliyepanga fomu alikwisha amua kuwa kurekebisha si kuzalisha. Utafiti hauwezi kukipima kitu kilichofutwa kabla ya kipimo kuletwa. Huenda hesabu kamili bado ingetoa hasara, na makala haya hayadai kinyume. Yanadai kwamba hesabu kamili haijafanywa.

Viwanda vyenyewe vilikufa kwa maradhi mengi. KICOMI ya Kisumu na Rivatex ya Eldoret zilizidiwa na madeni, mashine kuukuu, umeme ghali, na kilimo cha pamba kilichotelekezwa baada ya wakulima kukosa malipo. Mitumba iliingia kupitia mlango uliofunguliwa na sera, pamoja na nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na ikazinduliwa upya mwaka 2019. Ni jambo jema. Wala hakuna fundi wa Toi aliyeizuia isisimame kwa miaka yote ile.

Na dawa ya marufuku imekwisha jaribiwa. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019. Kenya ilijitoa mapema ilipotishwa kupoteza nafasi yake katika AGOA. Rwanda ilishikilia msimamo, ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaziondolea nguo zake msamaha wa kodi. Mtu anaweza kuiheshimu Rwanda kwa kutoyumba, na pengine anapaswa. Ila magendo yalipenya mipakani, na nguo mpya za China zikapata soko pana zaidi.

Kenya yenyewe ilifunga mlango Machi 2020, kwa sababu ya korona, ikaufungua Agosti. Miezi mitano ni michache mno kufufua kiwanda, na si haki kudai kwamba jaribio lile lilithibitisha chochote kuhusu viwanda. Lilithibitisha jambo jingine. Beli zilipoadimika, bei ilipanda Gikomba, ikapanda Toi, na cherehani zikanyamaza. Walioathirika hawakuwa wauzaji peke yao. Walikuwa pia wafumuaji, wapiga pasi, wauza uzi na zipu, watia vifungo, mafundi wa kutengeneza cherehani, na vijana wa kufua na kukausha. Mnyororo huo wote ulikatika kwa siku ile ile, na hapo ndipo urefu wake ulipoonekana.

Juni 2022, Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais, alipozindua manifesto ya muungano wa Azimio katika uwanja wa Nyayo, alisema kwamba Wakenya wanavaa nguo zilizovaliwa na watu waliokwisha kufa. Alikuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, wakati Kibera yote ilikuwa ndani ya eneo lake, na watu wa Toi walikuwa watu wake. Maneno yale yaliuma kwa sababu hiyo. Baadaye alifafanua kwamba hakukusudia kuwapiga marufuku wafanyabiashara, na kwamba wao ndio wangekuwa wa kwanza kuuza nguo zitakazotengenezwa nchini. Hata ufafanuzi ule ulibeba kasoro ya hoja nzima. Uliwaona wauzaji na ukawaahidi bidhaa nyingine za kuuza. Mafundi hawakuwamo.

Kuna pingamizi moja ambalo mtetezi yeyote wa mafundi hana ruhusa ya kulikwepa, nalo ni taka. Mwaka 2023 shirika la Changing Markets lilitoa ripoti iliyokadiria kuwa zaidi ya nguo milioni 300 zinazoingia Kenya kila mwaka ni za nyuzi za plastiki na zimeharibika au hazifai kuuzwa. Mwisho wake ni jaa la Dandora, kando ya mito, au kwenye majiko ya kuchomea. Anayetembea karibu na Bwawa la Nairobi, chini ya Kibera, hahitaji ripoti. Nani basi anajua, akishika nguo kwa vidole viwili, kama itapokea mshono au itachanika kwenye tundu la sindano? Fundi. Poliesta nyembamba iliyokwisha choka hairekebishiki, pasi huiyeyusha na uzi huikata. Kama serikali inataka kipimo cha kutenganisha nguo na taka bandarini Mombasa, kipimo kipo, na wenye nacho wako sokoni. Beli ipimwe kwa sehemu yake inayorekebishika, na inayozidi kiwango cha uchafu irudishwe kwa aliyeituma kwa gharama yake. Sera hiyo ingewabana wanaotutupia matambara kuliko marufuku yoyote ya jumla, bila kumnyang'anya riziki mtu wa Kawangware.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwa sauti ya huruma: kwamba kuisifu kazi hii ni kuupamba umaskini, kwamba fundi angekuwa na chaguo angekuwa kiwandani. Huenda wapo wanaotamani mshahara wa mwezi na bima, na ni haki yao kuutamani. Lakini kipato kidogo cha fundi hakitokani na kurekebisha. Kinatokana na mahali anaporekebishia. Toi iliteketezwa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Ikaungua tena Machi 2019. Oktoba 2024 moto mwingine uliua watu. Kila mara cherehani ni chuma kilichopinda, nguo za wateja ni majivu ambayo fundi lazima ayalipe, na anaanza upya kwa mkopo wa chama. Hakuna kazi duniani ambayo ingemtajirisha mtu katika hali hiyo, hata ya kuchonga almasi.

Kwingineko kazi hii hii inalindwa kwa sheria. Sweden ilipunguza kodi ya ongezeko la thamani kwa marekebisho ya nguo, viatu na baiskeli mwaka 2017, kutoka asilimia 25 hadi 12. Ufaransa ilianza mwishoni mwa 2023 kuwapunguzia raia wake bei ya kutengenezewa nguo na viatu, kati ya euro 6 na 25 kwa kipande. Nchi hizo zimegundua kwamba ujuzi wa kurekebisha umekaribia kutoweka, na zinatumia fedha kuurudisha. Nairobi inao ujuzi huo kwa wingi, umefundishwa kwa kukaa pembeni ya fundi mkubwa miaka miwili au mitatu, na kauli za hadharani zinauita ishara ya kubaki nyuma.

Lawama hii si ngeni. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, uliichunguza Kenya na kuandika kwamba watu wanaojitafutia kazi nje ya ajira rasmi si wazururaji bali ni wazalishaji wanaokandamizwa na kanuni za jiji. Ripoti ile ndiyo iliyoieneza duniani kote dhana ya sekta isiyo rasmi. Zaidi ya nusu karne imepita, na takwimu za serikali zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kuwa zaidi ya asilimia 80 ya wanaofanya kazi nje ya kilimo kidogo wako katika sekta hiyo. Wanahesabiwa kama vichwa. Kazi ya mikono yao bado haijaandikwa kwa jina lake.

Hilo linaweza kubadilika bila mswada wala mkopo. Mwaka 2016 Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, lilifanya uchunguzi wa biashara ndogo na kukadiria kuwa zilikuwa milioni 7.41, nyingi bila leseni. Uchunguzi wa namna hiyo ukirudiwa, karani atakayefika Toi au kwenye vibaraza vya Kawangware asitosheke kuandika "nguo, rejareja" kwa kuwa ameona nguo zimetundikwa. Akae na fundi siku nzima. Aandike nguo ngapi zimeletwa zikiwa hazivaliki na ngapi zimeondoka zinavalika, bei ya kila moja kabla ya sindano na baada yake, uzi, zipu na makaa yaliyotumika, na nani alilipwa nini. Tofauti kati ya bei hizo mbili, ukiondoa vifaa, ndiyo ambayo kitabu chochote cha uchumi huiita thamani iliyoongezwa. Tarakimu hiyo ipelekwe hazina kabla ya mtu yeyote kupendekeza tena kodi au marufuku, na wenye viwanda waje na yao, zikae mezani pamoja.